Daftari la Taa ya Njano

Jumanne, 4 Machi

Daftari hili nimepewa leo na Fundi Kimya, yule dada wa umeme wa magari mwenye kibanda mkabala na kinyozi. Kila taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, niandike: saa ngapi, mvua au jua, na nini kilikuwa kimewashwa. Mistari miwili inatosha, kasema. Hajui kalamu amemkabidhi nani. Shule mimi niliiacha darasa la sita, si kwa kushindwa. Mwalimu ndiye aliyeishiwa. Na kabla simu hazijaingia, barua zote za mtaa huu, za kuposa na za kuachana, zilitoka mkono huu. Kwa hiyo Fundi, siku utakapoyasoma haya, tafuta kiti.

Gari ni langu, la bluu. Mwezi wa kwanza nililipaka rangi upya mwenyewe, rangi ya mafuta ile ya mageti, mikono mitatu, nje na ndani ya boneti, hadi pale betri inapokaa. Wapaka rangi wengine hupaka panapoonekana. Mimi nilipaka hata pasipoonekana. Kinyozi kioo chake kimepata ufa, basi wateja wake huja kujitazama kwenye mlango wangu wa kushoto. Wakiniita Injinia sikatai.

Kazi ya gari hili ni moja. Dada yangu mkubwa, aliyenilea, figo zake zimegoma. Kila Jumanne na Ijumaa hulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa saa nne, na mashine yenyewe iko hospitali ya mji wa pili, mwendo wa saa moja na nusu, barabara inashuka bondeni ndipo ipande tena. Siku moja ikirukwa, maji yanabaki mwilini, anavimba. Zikirukwa mbili, maji yanapanda kwenye mapafu. Hivyo ndivyo muuguzi alivyosema, naye hakuwa akitania.

Leo imenyesha mvua ya kwanza. Bondeni taa ya njano ikawaka, saa tatu kasoro. Waipa zikaanza kwenda taratibu kama mzee anayepapasa miwani yake kitandani. Injini ikakohoa mara mbili, ikaendelea. Dada alikuwa amefumba macho. Mpwa wangu, binti yake, ni mshonaji. Siku hizo mbili hufunika cherehani yake ili akae kiti cha nyuma na mama yake. Yeye aliiona. Nilimwona kwenye kioo anaitazama. Nikamwambia hiyo ni taa ya kunisalimia.

Jumatano, 5 Machi

Jua. Hakuna taa. Gari linanguruma kama simba aliyeshiba.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi Kimya amechomeka mashine yake ya kusomea gari chini ya usukani. Ikaandika P0562. Nikamwambia hiyo naijua. Akasubiri niendelee. Sikuendelea. Ndipo akasema, kwa sauti ile ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala, kwamba maana yake umeme unaoifikia kompyuta ya gari ni mdogo kuliko unavyotakiwa. Kompyuta ikikosa umeme wa kutosha hupotewa, na injini huzima.

Akapima kwenye vichwa vya betri, injini ikiwaka: volti kumi na nne na ushee. Betri inachajiwa vizuri, hakuna upungufu. Akakuna kichwa. Kisha akaniuliza jambo moja tu: nilipopaka rangi, pale waya mweusi mwembamba wa betri unapofungwa kwenye bodi, niliikwangua rangi kabla ya kukaza nati? Nikamjibu nilikwangua mpaka pakang'aa, ungeweza kunyolea ndevu. Akasema samahani mzee, akafunga boneti bila kupagusa.

Binti ana adabu. Mkubwa akisema amefanya, hupiti nyuma yake kukagua. Ndivyo tulivyolelewa wote.

Ijumaa, 7 Machi

Manyunyu. Taa iliwaka dakika tano, ikazima yenyewe. Tumefika, tumerudi.

Jumapili, 9 Machi

Jua. Nimeosha gari. Watu watatu wamesimama kuliangalia, wa nne alikuwa anafunga kamba za viatu lakini namhesabu.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimeogopa. Naandika hivyo kwa sababu Fundi kasema niandike kila kitu.

Mvua ilikuja ya kumwaga kwa ndoo. Nikawasha waipa, nikawasha taa kubwa maana mchana ulikuwa kiza, nikawasha na feni ya kupuliza kioo kisije kikaingia ukungu. Tulipofika bondeni taa ya njano ikawaka, zikafuata nyingine zote kama mji unaofungua maduka, halafu gari likazima katikati ya barabara. Kimya. Mvua tu juu ya bati la gari. Nyuma yetu lori linapiga honi.

Nilizima kila kitu nikajaribu tena. Likawaka. Nikaendesha bila waipa, kichwa nimekitoa dirishani, mvua inanipiga machoni, hadi tukapanda upande wa pili. Dada akauliza mbona naendesha kama mbwa aliyepewa lifti. Nikamsimulia lile lori la mayai nililolishusha mlimani breki zimekatika, kwa gia peke yake, hadi sokoni, na yai halikuvunjika hata moja. Alicheka. Mpwa wangu hakucheka. Alikuwa ameshika mkono wa mama yake, na kidole chake kimeuzunguka mshipa ule wanapochoma sindano, kama vile barabara yenyewe ingeweza kuutoboa.

Jumatano, 12 Machi

Fundi amesoma kurasa hizi amesimama, hakutafuta kiti. Amepigia mstari maneno matatu: waipa, taa kubwa, feni. Anasema gari halina ugomvi na mvua, lina ugomvi na vitu ninavyowasha mvua ikinyesha. Umeme hautoshi kuvibeba vyote. Ametoa betri yangu ameweka nyingine, ya kwake aliyoipima mwenyewe. Ameniambia nitumie kwanza, tuone.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna mvua. Hakuna taa. Nimemwambia kinyozi kwamba ni mimi niliyeshuku betri tangu mwanzo.

Jumatatu, 17 Machi

Mawingu mazito upande wa bondeni. Nimeangalia mbinguni mara nyingi kuliko mkulima.

Jumanne, 18 Machi

Limezima mara mbili. Mara ya pili halikutaka kuwaka kwa dakika ishirini. Betri mpya ile. Tulichelewa, na muuguzi alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine akalale kwenye kitanda cha dada. Mpwa wangu akamshika muuguzi mkono na kumsihi, mimi nikasimama pembeni na funguo mkononi, mtu mzima mwenye kitambi. Wakampa dada saa mbili na nusu badala ya nne.

Njiani kurudi mpwa wangu akaniuliza kama kuna kitu sijamwambia fundi. Nikamwambia mimi nimeanza kufungua injini yeye hajazaliwa. Akanijibu tulipofika nyumbani, anamshusha mama yake: "Sawa, Mjomba. Lakini mimi nauliza kwa sababu aliye nyuma ni mama yangu."

Jumatano, 19 Machi

Nimeenda kibandani kwa Fundi Kimya na nimesema mbele za watu. Kinyozi alikuwepo, na watu wa baiskeli wanaosubiri abiria hapo. Nimesema amenipa betri ya kizee, nimesema wanawake na nyaya ni kama paka na maji, nimesema ningekuwa na muda ningelitengeneza mwenyewe kwa macho yaliyofumbwa. Nilikuwa natetemeka, nikadhani ni hasira.

Fundi akafuta mikono, akalala chini ya gari, akatoa altaneta, ile inayotengeneza umeme injini ikizunguka, akaweka nyingine. Ilimchukua hadi saa tisa. Alipomaliza akaniambia: "Mzee, nimebaki sina pengine pa kutafuta. Kama kuna ulichofanya na hukuniambia, niambie. Sitacheka."

Nikamwambia mimi kazi yangu huwa haina sehemu ya kuchekwa.

Ijumaa, 21 Machi

Manyunyu. Taa ikawaka na altaneta mpya hiyohiyo. Tulifika kwa kuendesha bila taa kwenye kiza cha mawingu, polepole. Nilihesabu nguzo za simu ili nisifikirie.

Jumapili, 23 Machi

Mvua mchana kutwa.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Hatukwenda.

Gari lilizima kabla hatujatoka mtaani, mbele ya kinyozi, likawaka, likazima. Nilikimbia kituoni: mabasi yamesimama, maji yamefunika kalavati la bondeni na madereva wamekaa wanacheza karata. Nikaenda kwa mwenye pikapu anayebeba matofali. Kasafiri na pikapu yake. Nilipiga hospitali waniletee gari la wagonjwa. Wakasema liko upande wa pili wa maji, likipita litakuja. Halikuja. Saa saba nilirudi nimelowa hadi kwenye mifupa, dada amekaa kitandani amevaa viatu vyake vya kutokea, mkoba mapajani.

Akasema tu nivue shati nisije nikaugua.

Jumatano, 26 Machi

Ukurasa huu Fundi usiusome.

Miguu ya dada imevimba. Ukibonyeza kidole shimo linabaki. Uso wake umejaa, macho yamekuwa madogo. Mpwa wangu anampimia maji kwa kikombe cha kahawa na kuandika ukutani kwa chaki ya kushonea. Usiku mzima dada hakulala chali, akilala chali anahisi anazama.

Asubuhi mvua ilikatika kidogo. Nilitoka nikafungua boneti peke yangu. Ule waya mweusi mwembamba niliuona. Umefungwa kwa nati kwenye bati la pembeni, na bati lote ni bluu, na chini ya kichwa cha waya ni bluu, nzuri, laini, mikono mitatu. Mimi sikukwangua kitu. Sikujua kama hukwanguliwa. Siku ile aliponiuliza, swali lenyewe sikulielewa, nikajibu kama linavyojibiwa na mtu aliyelielewa.

Nilishika spana. Kinyozi akapita na mwavuli akaniamkia, Injinia, vipi, umeupata ugonjwa? Nikasema kitu kidogo tu. Nikairudisha spana mfukoni.

Kwa nini nimeirudisha? Nimekaa na daftari hili nusu saa najiuliza. Nilijiambia: rangi ni rangi, inaweza vipi kuzuia umeme, nati si ya chuma? Nilijiambia: ukifungua ukakuta ni hilo, basi ni wewe. Betri, altaneta, yule binti kudhalilishwa mbele za watu, Jumanne ya jana, miguu ya dada. Ni wewe peke yako. Nikaona afadhali liwe kitu kingine chochote. Ndivyo nilivyofikiri, na sikuwa mlevi.

Alhamisi, 27 Machi

Anapumua kwa mdomo. Mvua imepungua, wanasema kalavati linapitika. Kesho.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Dada tulimkalisha nyuma na mito mitatu, mpwa wangu kando yake, dirisha lao limefunguliwa mvua ikiingia kwa sababu dada alitaka hewa zaidi ya kukaa pakavu. Sikuwasha kitu ila waipa. Taa ya njano iliwaka kabla ya mteremko. Nikazima waipa. Ikabaki imewaka, basi nikaziwasha tena.

Kwenye kalavati maji yalikuwa yanapita juu ya barabara, kimo cha kifundo cha mguu, rangi ya chai ya maziwa. Nilisimama kwanza. Dada akasema, "Nenda tu, mdogo wangu," kwa pumzi mbili, neno moja moja. Nikaenda. Katikati ya maji gari likazima.

Niligeuza ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka kwa kufifia kama kaa la mkaa linalokufa, zikazima. Tena. Hakuna hata mlio. Maji yalikuwa yanagonga mlango, ngo, ngo, kama mtu mwenye haki ya kuingia. Mbele hakuna gari, nyuma hakuna gari. Niligeuka. Midomo ya dada ilikuwa imebadilika rangi. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepandishwa ngazi kwa kukimbizwa, na alikuwa amekaa tu.

Mimi nimesimulia mengi ya kuogopesha katika maisha yangu. Chatu, majambazi, lori. Nilikuwa sijawahi kuogopa. Sasa najua, maana hakuna hata moja katika hayo lililofanana na hili.

Mpwa wangu alikuwa ameshampigia Fundi Kimya. Akaiweka simu katikati ya viti, sauti juu. Fundi akauliza tuko wapi, maji yamefika wapi, taa zinafifia au zimekufa kabisa. Alikuwa kwenye gari la mtu mwingine, mbali, asingeweza kutufikia kabla ya saa sita. Swali lililofuata nililijua kabla halijafika.

"Mzee," akasema, "nakuuliza mara ya mwisho, unisamehe. Pale chini ya ule waya mweusi. Ulikwangua?"

Dada alikuwa ananitazama. Yeye aliyenifunga vifungo vya shati siku ya kwanza ya shule.

"Sikukwangua," nikasema.

"Sikusikii, mvua."

"Sikukwangua! Sikujua kama kunakwanguliwa. Nilisema tu. Na juzi nimepaona nikapaacha."

Hakukaa kimya hata kidogo, ndiyo sababu nitamheshimu hadi nife. "Sawa," akasema. "Spana namba kumi unayo? Toka. Fungua nati hiyo tu, nyingine usiguse. Kwangua bati mpaka uone chuma cheupe, na kichwa cha waya ukwangue upande wa chini. Kisha kaza kwa nguvu zako zote."

Maji yalikuwa yanavuta miguu. Nilifungua boneti, nati ikatoka, nikainua waya, na chini yake rangi ilikuwa haina hata mkwaruzo. Sikuwa na msasa, sikuwa na kisu. Mpwa wangu akashuka akaingia majini na mkasi wake wa kushonea, ule mkubwa wa chuma asioruhusu mtu akatie hata karatasi, akaniwekea mkononi. Nikakwangua. Rangi yangu iliganda kama gamba, nilikuwa nimeipaka vizuri mno. Ncha ya mkasi ikavunjika, nikaendelea na kilichobaki. Nilikuwa nalia, lakini kwenye mvua nani anajua. Kikatokea kijivu kidogo, kikapanuka kuwa kama sarafu, kikang'aa. Nikageuza kichwa cha waya nikakikwangua nacho. Nikakaza mpaka spana ikanikata kiganja.

Nilipogeuza ufunguo, waipa ambazo nilisahau kuzizima ziliruka upande hadi upande kwa kasi ambayo sijaiona tangu mwaka jana. Taa zikawaka kama mchana. Injini ikashika mara moja. Rangi, rangi peke yake, ndiyo iliyokuwa imekaa katikati ya betri na gari zima.

Tulipopanda upande wa pili, dada akaniita. Nikadhani anataka hewa.

"Na lile lori la mayai?" akauliza.

"Lilikuwa na breki, dada. Na hayakuwa mayai. Ilikuwa saruji."

"Najua," akasema, akapumua kwanza. "Vumbi lake si nilikuwa nalifua mimi."

Walimpokea na kiti cha magurudumu na hewa ya mtungi. Muuguzi alinigombeza na nikagombezeka. Sasa yuko kwenye mashine, saa ya tatu inakwisha. Mpwa wangu amelala ameegemea ukuta, mkasi uliovunjika uko mapajani pake. Nitamtafutia mwingine. Hatakuwa yule.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeenda kwa Fundi. Nimesubiri kinyozi na watu wa baiskeli wawepo, ndipo nikasema. Yote, na la paka na maji nikalifuta. Nilidhani watacheka. Kinyozi ndiye peke yake, naye alicheka kidogo akaona aibu.

Fundi akafungua boneti, akaweka mita yake, ncha moja kwenye kichwa cheusi cha betri na nyingine kwenye bodi, akaniambia niwashe kila kitu. Akanionyesha namba: karibu na sifuri. Kabla, alisema, hapo pangesoma volti tatu au nne, zilizokuwa zinapotea kwenye rangi kabla hazijaifikia kompyuta. Kipimo cha dakika moja. Akasema kosa na yeye analo, alikiona kipimo hicho kichwani tangu siku ya kwanza akaona haya kukifanya kwa sababu mkubwa alikuwa ameshasema.

"Adabu ni ya watu," akasema. "Mita haina shikamoo."

Nimeyahesabu. Maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa siku moja.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Sikulala. Si gari. Kuna jambo limeniingia na halitoki.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua kubwa, kila kitu nimewasha, taa ya njano haikuwaka. Fundi, kwa upande wa gari daftari lako limekwisha. Yanayofuata ni ya kwangu.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi nilipotoka kwa Fundi nilianza kuzihesabu ndiyo zangu. Siku ile ya kwanza kabisa, dada alipogundulika, daktari alinikalisha mimi, mwanamume wa nyumba, akanieleza kwa nusu saa. Alichora figo kwenye karatasi. Alisema maneno mengi, mengine ya kigeni, akawa kila mara ananiuliza, umeelewa mzee? Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo mara kumi, labda kumi na tano. Mpwa wangu akaniuliza nje amesema nini. Nikamwambia maji kidogo, chumvi kidogo, mengine niachie mimi.

Leo, dada alipokwisha kuunganishwa, nilimfuata muuguzi kwenye meza yake. Miguu ilikuwa mizito kuliko kwenye yale maji. Nikamwambia: mama, siku ile ya kwanza sikuelewa. Akauliza wapi. Nikasema kote.

Akaanza na chakula. Akaniuliza dada anakula nini. Nikamweleza, na sehemu hii sijawahi kuiandika humu maana haihusu gari: kila tukitoka hospitali yeye huwa amechoka, amekauka, basi mimi husimama pale juu ya mteremko nikamnunulia ndizi mbivu, na nyumbani humkamulia machungwa, ili damu irudi na nguvu. Nilisema kwa kujisifu kidogo, nilivyozoea.

Muuguzi aliacha kuandika.

"Ndizi ngapi?"

Nikasema nne. Siku nyingine sita. Sita ni siku anapokuwa amechoka sana.

Hakunigombeza. Alinyanyuka, akatembea haraka, na mtu wa hospitali akitembea haraka bila kusema kitu hilo peke yake ni ugonjwa. Wakaja wawili. Wakambandika dada vitu kifuani, karatasi ikatoka na mistari ya moyo, wakaitazama wakatazamana. Wakachukua damu. Wakabadilisha chupa ya mashine. Dada akaniuliza kwa macho kuna nini, nami nikashindwa hata kudanganya. Mpwa wangu alisimama na kiganja mdomoni.

Saa moja nzima. Sitaiandika.

Daktari alipokuja alisema kile kilichomo kwenye ndizi na machungwa, figo nzima hukitoa, zake haziwezi; kinakusanyika kwenye damu, na kikizidi kinausimamisha moyo ghafla, mtu anaongea na wewe halafu hayupo. Kilikuwa kimezidi sana. Mashine inakishusha. Leo kimeshuka. Alisema hajui tulivyofika naye hai hadi Aprili, kisha akaona uso wangu akasema tumshukuru Mungu.

Ameondoka. Dada amelala, mashine inazungusha damu yake kwenye mrija, nyekundu, inatoka, inarudi. Mpwa wangu amekuja kukaa karibu yangu. Amelichukua daftari na kalamu, amefungua ukurasa mpya, amemwita muuguzi. Na muuguzi, maskini, ambaye zamu yake imeshakwisha, amevuta kiti, ameanza upya: vinavyoruhusiwa, visivyoruhusiwa, viazi vinavyolowekwa kwanza, dawa ya kumeza na chakula na ile isiyomezwa na chakula, dalili ya kwanza, dalili ya pili. Mpwa wangu anaandika. Muuguzi anasimama kila baada ya maneno machache, ananitazama mimi.

"Umeelewa, mzee?"

"Hapo sijaelewa," nikasema. "Anza tena."

Akaanza tena.